Kaka, kwa Kitamili

Wiki ya kwanza niliachwa na treni siku nne.
Si kwa kuchelewa. Nilikuwa nimesimama pale pale, jukwaani Pallavaram,
mkebe wa chakula mkononi, tiketi ya mwezi nimeifutika kifuani,
nikiwapisha watu.
Tafadhali, pita. Tangulia, mama.
Treni ikajaa waliotangulia,
ikaniacha mimi na adabu zangu.

Siku ya tano mwanamke mwenye asumini kichwani
alinishika kiwiko, hakuniuliza jina,
akanishindilia ndani
kama mtu atiavyo mto kwenye foronya.
Ndiye Selvarani. Anashona kola Guindy,
kola mia tatu kwa siku,
na maisha yake hajavaa shati.

Behewa la wanawake lina sheria ambayo haikubandikwa popote:
aliyekaa hupakata mizigo ya waliosimama.
Nimepakata mikoba nisiyoijua wenyewe,
mkebe wa wali wa limau ukinichoma paja,
vitabu vya uhasibu, ufagio mpya,
na asubuhi moja, hadi Minambakkam, mtoto mchanga
aliyenitazama nywele
kama msomaji aliyekutana na neno gumu.

Sasa nasukuma. Nasukuma na begi mbele,
na nikiachwa nalaani kwa Kiswahili, jambo lisilomuumiza mtu.

Kutikisa kichwa kwao bado sijakujua.
Si ndiyo, si hapana,
ni kama mtu anayetoa maji sikioni.
Nilimuuliza Bwana Murugesan, fundi mkuu,
kama mashine ya kusugulia vioo vya miwani imepona.
Akatikisa.
Nikaiwasha.
Haikuwa imepona.

Aliyekuja kunisaidia kufagia vigae ni Ilango, wa meza ya pili.
Nikamwambia, ahsante, kaka.
Karakana nzima ikaangua kicheko, hata mzee wa mlangoni.
Kaka, kwa Kitamili, ni kunguru.
Ilango akapiga viwiko kama mabawa, akalia kwa sauti mbaya,
na tangu hapo nikimwita kwa jina lake haitiki.

Jioni nikamsimulia mwenye nyumba wangu, Bi Alamelu.
Yeye hakucheka.
Kila alfajiri, kabla hajaonja hata kahawa,
hupanda paani na tonge la wali juu ya jani.
Kaa, kaa, kaa, huita.
Nao huja. Ni wazee wetu, ameniambia,
huja kuangalia kama bado tunakula.
Yule mwenye mguu mbovu anamdhania mumewe:
hata akiwa hai, alikuwa wa mwisho kufika mezani.

Kwetu Tanga ndege hao hao tunawarushia mawe.
Tunawaita kunguru wa Bara Hindi,
kwa ile sauti tunayomtajia
mgeni aliyekuja kwa siku tatu akamaliza miaka.
Sikumwambia.
Nami mkataba wangu ulikuwa wa miezi sita,
na huu ni mwezi wa kumi na tisa.

Nilikuwa na kaka. Jina lake Mbwana.
Alikuwa akiingia jikoni bila hodi, akifunua sufuria,
akila kwa kusimama, mlango wazi, pikipiki ikinguruma nje.
Pikipiki hiyo ndiyo iliyomchukua, mwaka wa juzi, Machi.
Nilipata habari nikiwa kazini, kioo cha mtu mkononi,
nikakimaliza kukisugua kwanza.
Mpaka leo sijui kwa nini nilikimaliza.

Jumapili siendi kokote.
Nilipika wali wa nazi, chini ukashika ukoko,
nikapanda paani Bi Alamelu akiwa amelala,
nikaweka tonge juu ya ukuta
na nikaita,
kwa lugha yangu na kwa lugha yao,
neno lile lile moja.

Akaja mmoja. Mchafu, mwenye haraka.
Hakunitazama.
Akala kwa kusimama, akachukua ukoko,
akaenda zake.

Ndivyo alivyokuwa.
Hata siku moja hakuwahi kusema ahsante.